Picha Iliyotundikwa Getini

"Kwa hiyo umeniuza, mwanangu."

Mama Fundi aliyasema hayo akiwa bado mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakupandisha sauti. Angefoka, mshauri wa lishe angejua pa kumshika. Alimvutia kiti, mama akakikataa, akamwonyesha getini kwa kidevu.

Walitoka pamoja. Juu ya ukuta wa kliniki, penye geti, palikuwa na bango jipya, pana kama shuka la kitanda. Upande mmoja Mama Fundi wa mwaka jana, mnene, anajifuta jasho. Upande wa pili Mama Fundi wa juzi, mashavu yamebonyea, gauni linamning'inia. Maneno yalisema: *Yeye ameweza. Wewe je?* Na chini yake: *Fuata mpango wa mshauri wetu wa lishe.*

Mpango gani? Mshauri alimwambia apunguze sukari, aongeze mboga, atembee asubuhi. Miezi ya mwanzo mama alipungua taratibu, kama inavyotakiwa. Kisha mwili ukaanza kukimbia wenyewe. Alikula vizuri, na bado akawa anakwisha. "Mchana nashona nguo za watu," alitania siku moja, "jioni nabana zangu." Mshauri hakucheka. Alimwandikia rufaa ya kwenda kupimwa hospitali kuu, akampeleka kwa mkurugenzi wa kliniki aitie saini. Mkurugenzi akamsimamisha mama ukutani, akampiga picha, akasema ni ya kumbukumbu ya matibabu. Rufaa ikabaki mezani kwake.

"Wateja wananipongeza," alisema Mama Fundi. "Mume wangu kasikia kilo zangu zinatajwa kwa kinyozi. Kilo zangu. Na wewe uliniambia ya chumba kile hayatoki."

"Sikujua, mama."

"Mbona wamekuandika wewe?"

Mshauri aligeuka kurudi ndani. Wenzake walimpa jina la Maji Baridi, kwa kuwa hata wagonjwa wakorofi hawakuwahi kumtoa kwenye mstari. Siku hiyo alipanda ngazi za ofisini masikio yanamlia.

Mkurugenzi alimpokea kwa tabasamu, akamsogeza dirishani aione foleni. Wote wale, alisema, wameletwa na bango. Tena alikuwa anafikiria kumfanya mkuu wa kitengo cha lishe.

"Yule mama anaumwa," alisema mshauri.

"Amepungua, hajapungua?"

"Amepungua kwa sababu anaumwa."

"Una majibu ya vipimo?"

"Yatatoka wapi, na rufaa umeikalia?"

Mkurugenzi alicheka, akamwambia asiwe na haraka. Rufaa itatoka matangazo yakiisha. Hawezi kumpeleka hospitali mtu ambaye sura yake iko getini. Watu watasema nini?

Aliyasema kama mtu anayeahirisha kikao. Mshauri alimtazama ile shingo nene, kola iliyopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamani kumpiga mtu. Badala yake aliichukua ile rufaa mezani, akashuka bila kufunga mlango.

Alimwomba mlinzi wa geti ngazi. Mlinzi akaitazama ofisi ya juu, akaitazama sura ya dada huyu, akasema ngazi iko nyuma ya tangi la maji na kwamba yeye ana usingizi sana leo.

Watu wa foleni waliinua vichwa alipopanda. Kamba zilikuwa za nailoni, zimekazwa, na kucha zake hazikufua dafu. Ndipo Mama Fundi alipokuja chini ya ngazi, akafungua mkoba, akamnyooshea mkasi wake wa kazi.

"Usikate kwa ncha," alisema. "Kata kwa katikati."

"Dada, usilitoe," aliita msichana mmoja kwenye foleni. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imechora blauzi. "Mimi nimekuja kwa ajili ya hilo. Nataka kuwa kama yeye."

Ukweli ulimfika mshauri kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu, anaumwa, lingewanyamazisha wote na kumsafisha yeye. Alimtazama Mama Fundi pale chini. Mama alikuwa ameinamisha uso. Siri haikuwa yake kuitoa. Aliimeza, ikashuka kama mwiba wa samaki.

"Huyu mama hakuombwa ruhusa," alisema. "Nina hilo tu la kusema. Na wewe, mdogo wangu, usiache kula kwa sababu ya picha."

Mtu akasema huo ni wivu, wengine wakacheka. Mkurugenzi alikuwa ametokea kibarazani.

"Ukilishusha, usirudi ndani," alisema.

Alikata kamba ya mwisho. Bango likajikunja, likaanguka uso chini.

Hakuna aliyempigia makofi. Msichana yule alimtazama kwa chuki mpaka alipovuka geti.

Hospitali kuu, yeye na Mama Fundi walikaa kwenye benchi hadi watu wakapungua. Rufaa bila saini ilimfanya karani akunje uso, lakini mshauri hakuondoka dirishani pake, na mwishowe karani akachoka kumtazama. Mama Fundi alimgeukia mshauri. Aliuliza tu kama atapata kazi nyingine. Mshauri akasema hajui.

"Basi nitakushonea gauni la kwenda kuombea kazi," alisema mama. "Hilo lako limechoka."

Jina lake likaitwa. Alimpa mkoba amshikie, akaingia, pazia likavutwa nyuma yake. Mshauri alibaki ameupakata mkoba. Pazia lilikuwa fupi. Chini yake aliiona miguu ya mama ikivua viatu, kimoja, kisha kingine, na mkono ukishuka kuviweka pamoja, sawasawa, ukutani.