Bundi Juu ya Kofia ya Mama

Mama alinifukuza kwenye timu yake ya kuhesabu ndege miaka mitatu iliyopita kwa kosa la kupiga chafya. Kozi, ndege mwindaji, alikuwa ametua kwenye nguzo, nikapiga chafya, kozi akaenda zake kabla Mama hajamtia machoni vizuri. Aliniambia nikunje kiti changu. Nikavuka daraja la mbao, nikaingia kwenye kamba ya Mama Mkubwa Odete upande wa pili wa hori, mkono mwembamba wa bahari, na huko ndiko ninakoshindwa kila Oktoba tangu siku hiyo.

Kamba yenyewe ni duara la upana wa futi kumi na saba, limelazwa kwenye nyasi za bustani ya ufukweni ya Rasi ya Wickham. Unakaa ndani yake tangu jua linapochomoza hadi linapozama, unahesabu aina za ndege. Ndege uliyemwona ukiwa ndani anahesabiwa. Ukitoka kwenda msalani ukakutana na tausi anacheza njiani, hukumwona. Mwamuzi hakuna, kuna neno lako tu. Na mtu akikuuliza ndege yuko wapi, unamwambia. Ukidanganya, hutaketi tena kwenye kamba ya mtu yeyote katika pwani yote ya Rhode Island.

Mama na Mama Mkubwa wanashindania darubini ya marehemu bibi, mama yao, ya shaba, nzito kama nyundo, aliyokuja nayo kutoka visiwa vya Azores akiwa ameifunga tumboni kama mtoto. Anayehesabu ndege wengi zaidi anakaa nayo mwaka mzima. Wakitoka sare, inabaki ilipo. Imebaki kwa Mama miaka tisa. Ameitundika chumba cha kulia, na kila Krismasi anahakikisha dada yake anapewa kiti kinachoitazama.

Mwaka huu, saa kumi na moja jioni, tulitumiana hesabu kama desturi: hamsini na nane kwao, hamsini na nane kwetu. Baada ya hapo hori ikakauka ndege. Shakwe walewale, bata walewale, mnandi mmoja akianika mbawa kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mama Mkubwa aliendesha basi la shule miaka thelathini na hajui kukata tamaa kimyakimya. Alikuwa anawatukana bata kwa Kireno.

Mimi nikageuza darubini ya miguu mitatu kuelekea ng'ambo, niangalie kama Mama amevaa sweta. Alikuwa amevaa. Baba alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ndani ya kamba yao, mdomo wazi, amelala. Nikapandisha darubini kidogo, kutoka kwenye kofia ya Mama hadi kwenye tawi la msonobari lililo juu yake, na tawi likanikodolea macho.

"Mama Mkubwa," nilisema, "usipige kelele. Anzia kwenye kofia ya Mama, kisha panda juu taratibu."

Aliinama kwenye darubini. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Ana masikio," alinong'ona. "Mungu wangu, Delfina, anamwangalia utosini."

Bundi mkubwa, mnene kama birika la kanisa, yuko mita tatu juu ya mwanamke anayeogopa bundi kuliko moto. Mama Mkubwa alinieleza kwa shida, machozi yakimtiririka, jinsi mdogo wake, utotoni, alivyolala chini ya kitanda wiki nzima kwa sababu bundi mmoja alilia karibu na kiwanda cha samaki. Nikaandika: hamsini na tisa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika hamsini. Jua lingezama saa kumi na mbili na dakika tano. Tulichotakiwa kufanya ni kukaa dakika kumi na tano kama watu wazima.

Tulishindwa. Nikimtazama, anapasuka. Akinitazama, napasuka. Tukageuziana migongo, ikawa mbaya zaidi, maana sasa nilimsikia akijaribu kuhema. Ng'ambo, Mama akainua darubini ya bibi na kututazama. Simu yangu ikalia. Nikaiweka sauti ya nje.

Alitaka kujua tunacheka nini. Nikamwambia kwamba Mama Mkubwa amekumbuka utoto wao, na hiyo ilikuwa kweli. Mama si mjinga.

"Delfina, mmeona ndege?"

"Tumeona."

"Yuko wapi?"

Nilimwangalia Mama Mkubwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha. Aliutazama mlingoti wa bendera upande wetu, kana kwamba ndege angeweza kuwa pale, akatazama saa, akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanionyesha kwa vidole: polepole.

"Yuko mtini, Mama."

"Mti gani?"

"Msonobari."

"Misonobari iko mia hapa, mwanangu."

"Ule wenye kiti chini yake."

"Kiti gani?"

"Chako."

"Ni ndege gani huyo?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Bundi."

Hakutazama juu. Aliishika kofia kwa mikono miwili, akakimbia ameinama, akairuka kamba na hakusimama hadi kwenye mapipa ya taka. Simu ilibaki kitini, ikiwa hewani. Kwa hiyo yaliyofuata tuliyaona kwa darubini na kuyasikia kwa simu.

Alimwamsha Baba kwa kupiga kelele kutoka mbali. Baba akauliza kama ni chakula. Akaambiwa atazame juu. Akauliza juu wapi. Mama akamwuliza mbingu kwao ziko wapi. Miwani ya Baba ilikuwa kwenye mkoba wa Mama, na mkoba ulikuwa umekimbia naye begani. Mama akamrushia miwani. Ikapita juu ya kichwa chake, ikazama kwenye matete.

Baba akainua uso, akakunja macho.

"Nimemwona," alisema.

"Nani?"

"Paka."

"Siyo paka, Gil, ni bundi."

"Lucinda, nimefuga paka miaka arobaini. Ana masikio mawili na hasira."

"Sema bundi."

"Siwezi kuapia kitu nisichokiona. Nimeona paka."

Mama Mkubwa alikuwa chini kwenye nyasi, anapiga ardhi kwa kiganja. Lakini nilipomwambia kwamba Mama anarudi, aliinuka mara moja.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Mama alifika kwenye kamba, akatia mguu mmoja ndani. Akautoa. Akautia tena. Mama Mkubwa alikuwa amenishika mkono hadi unauma, akinong'ona, "Ingia, we mwoga, ingia," na sijui hadi leo alikuwa upande gani. Mama akaingia kwa miguu yote miwili. Akainua uso kuelekea tawini. Macho ameyafumba kama mtoto anayepakwa sabuni.

Saa ya Mama Mkubwa ikalia. Jua limezama. Mama akatoka mbio.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Hamsini na nane. Nilifumba macho."

Tulikutana katikati ya daraja. Mama akaivua darubini shingoni, akamvisha dada yake. Mama Mkubwa aliipima uzito kwa mikono, akapangusa vioo kwa upindo wa sketi, na cha kwanza alichotazama ni ule msonobari. Kisha akaivua, akamsogezea mdogo wake.

"Kutoka hapa hawezi kukufanya kitu," alisema.

Mama alitazama muda mrefu. Alisema kwamba bundi anafanana na marehemu bibi akisubiri mtu avue viatu mlangoni. Hapo ndipo wote wanne tukaharibika kabisa. Baba alishika ukingo wa daraja, akisisitiza kwamba bado anaona paka.

Mama Mkubwa ndiye aliyetulia kwanza. Alimnyooshea mdogo wake mkono.

"Haya, imetosha," alisema. "Lete."