Safu ya Anasa

Shangazi aliyasema maneno yake huku anajifuta mafuta ya kuku midomoni.

"Wifi, tusidanganyane. Baba yao hayupo, kodi ya nyumba imepanda, na huyu mkubwa ana cheti tu, kazi hana. Mwisho wa mwezi nikija, kama hali ni hii hii, namchukua mdogo akaishi kwangu. Kuna chumba kitupu na friji imejaa. Sisemi kwa ubaya."

Kweli hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana yaliuma. Anayekutukana unajua pa kumshika. Lakini shangazi ni dada wa marehemu baba, alitulipia ada mama alipokwama, na hakujaliwa mtoto. Mama aliitazama sahani yake akasema, "Tutaona, wifi." Mdogo wangu wa miaka tisa, ambaye kwa ubishi wake mtaa mzima unamwita Wakili, aliacha kutafuna.

Huyo mkubwa mwenye cheti ni mimi. Nilisomea mipango, nikahitimu mwaka jana, na tangu hapo nimepeleka barua nyingi za maombi ya kazi hadi karani wa posta ananiuliza hali za nyumbani. Shangazi alipoondoka tu, nilibandua ukurasa wa kalenda ya zamani, nikaugeuza, nikatafuta rula.

"Mama, huyu mtoto haendi popote," nilisema. "Pesa ipo, ila inavuja. Tukiziba matundu, mwisho wa mwezi kodi imelipwa na shangazi hana la kusema."

Kushoto niliandika LAZIMA, kulia ANASA. Tulikaa watatu kwenye meza ya jikoni, ambayo ndiyo meza ya kupigia pasi na ndiyo meza ya Wakili ya kazi za shule, nikaanza kuita kitu kimoja kimoja. Unga, lazima. Maharage, lazima. Mchele, lazima, ila mara mbili kwa wiki. Nyama, Jumapili tu. Siagi, anasa. Biskuti za Wakili za kwenda nazo shule, anasa.

"Nakata rufaa," alisema Wakili.

"Rufaa imekataliwa."

"Hujasikiliza hoja."

"Haya, toa hoja."

"Biskuti zenyewe mbili. Moja nakula, moja nampa ninayekaa naye dawati moja, ananielekeza hesabu. Ukikata biskuti nitafeli, nitakosa hata cheti. Wewe angalau unacho."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka, na biskuti zikabaki upande wa anasa.

Nikafika kwenye sukari. Mama alikuwa ananunua kilo nzima kila wiki. Nusu tuliitumia nyumbani, na nusu alikwenda nayo kazini kila Jumatatu. Mama ni fundi cherehani. Anashona na wanawake wenzake wanne kwenye chumba kimoja cha kupanga, na analipwa kila Jumamosi kwa idadi ya nguo alizomaliza.

"Hii ya kazini ni ya nini?"

"Ya chai. Tunakunywa pale saa nne."

"Yaani sisi, katika hali hii, tunawawekea sukari watu wazima wanne wenye kazi zao?"

Mama alipitisha kidole juu ya mstari niliouchora, polepole, kama anavyokagua mshono. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Andika." Aliyasema kwa fahari. Mimi nikaisikia fahari tu, nikaandika.

Kitu kimoja sikukigusa. Kila mwisho wa mwezi, shangazi alipokuja kula, tulinunua kuku mzima, soda nne na keki ya dukani. Niliviweka upande wa LAZIMA bila kumwuliza mtu. Niliona huo ndio ushahidi wetu. Shangazi akikuta meza imejaa, ataanzia wapi kusema mtoto ana njaa?

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Chai haikuwa na sukari, na Wakili aliinywa amefumba macho kama anayemeza dawa. Mkate tuliula mkavu. Jumamosi pesa ilibaki, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nikajiona waziri.

Wiki ya pili mama alileta malipo pungufu. "Kazi zimepungua," alisema, akaenda kuoga. Nilirudi kwenye karatasi nikabana zaidi. Nyama ya Jumapili niliiondoa. Mayai yakawa ya Wakili peke yake. Wiki ya tatu malipo yalishuka tena, na mama akaanza kutuambia tule tu, yeye ameshakula kazini. Nilimwamini. Naandika haya kwa aibu: nilimwamini kwa sababu kumwamini kuliifanya karatasi yangu ikae sawa.

Asubuhi ya Jumanne ya wiki ya nne mama alisahau miwani mezani. Bila miwani hawezi kutunga uzi kwenye sindano, nikaichukua na kumfuata.

Chumba chao kiko nyuma ya duka la misumari na rangi. Kina vyerehani vitano, dirisha moja, na sakafu iliyojaa vipande vya uzi vinavyong'ang'ania soksi. Nilifika saa nne kamili. Wanawake wanne walikuwa wamekaa kuzunguka meza ya kukatia vitambaa, vikombe mkononi, na katikati yao chupa ya chai na mkate uliokatwakatwa. Mama alikuwa kwenye cherehani chake, amewapa mgongo, anabandua zipu mbovu kwenye suruali ya mtu.

Mkubwa wao wanamwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wake umefungwa kwa utepe shingoni. Mbele yake palikuwa na mafurushi ya vitambaa vilivyokwisha kukatwa.

"Mashati ya wauguzi, kumi na mawili. Nani mikono yake mitupu?"

"Nipe sita," alisema mmoja, mkate mdomoni.

"Sita mengine nayachukua mimi," alisema mwenzake.

"Mapazia ya hoteli?"

Na hayo yalipata mtu kabla chai haijapoa. Mafurushi yalipokwisha, Mama Mkasi aliusukuma kwa mguu mfuko wa nguo za kurekebisha, zipu na vifungo, hadi karibu na kiti cha mama. Hakufanya kwa dharau. Alifanya kama mtu anayefanya hivyo kila siku.

Nilibaki mlangoni na miwani mkononi. Nilikuwa nimeelewa, lakini mguu haukutaka kuingia.

"Wewe ndiye msomi?" Mama Mkasi aliniona. "Pita, mwanangu. Usiogope, mkasi huu haukati watu."

Nilimpa mama miwani yake. Aliivaa bila kunitazama. Nikamwuliza Mama Mkasi, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, kwa nini mama hapewi mashati.

"Nani kamnyima? Hapa hatuna ofisi wala daftari. Kazi inagawiwa kwenye chai. Asiyekuja mezani najua ana kazi za kutosha, namwachia za kushikiza. Mama yako tulimwita siku ya kwanza, akasema ana haraka. Ya pili, tumbo. Ya tatu tukanyamaza, mtu mzima habembelezwi kama mtoto anayeacha ziwa."

"Tulimwuliza mbona sukari yake haiji," alidakia yule mwenye mkate. Kila mmoja wao alikuwa na chake: huyu majani ya chai, huyu maziwa, hawa wawili mkate. "Akasema nyumbani kuna mpango. Tukasema, mpango gani tena? Akasema mwanangu ameandika kwenye karatasi, mpango mzuri sana, mistari imenyooka."

Walicheka, si kwa ubaya. Sakafu ile ingekuwa na tundu, ningeingia.

Nilimvuta mama nje, tukasimama kando ya makopo ya rangi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipokuwa unachora ile karatasi ulikuwa na uso wako wa siku ya mahafali. Ni muda sijauona ule uso. Nikasema acha, nitajikaza."

"Mama, unashinda na njaa."

"Nashinda na kazi za zipu, na hizo ndizo zinazoniuma. Njaa naijua, tumezoeana." Alifuta miwani kwa pindo la blauzi. "Lakini kukaa kwenye chai ya watu bila kuleta kitu, hilo siwezi. Usinitume."

"Ni kosa langu."

"Ni lako, ndiyo. Langu pia, nilinyamaza. Sasa usilie hapa, watu wanapita kununua misumari."

Tulirudi nyumbani mchana tukaliteremsha kopo. Pesa iliyobaki baada ya wiki tatu ilitosha kitu kimoja: kuku, soda na keki ya Jumapili. Au sukari ya kazini, mchele wa wiki na mafuta ya kupikia. Vyote viwili haviwezekani.

Nilisema tusubiri. Shangazi aje kwanza, ale, aondoke, halafu Jumatatu mama arudi mezani. Siku tano tu. Nilikuwa naogopa, na nikiogopa napanga.

Mama aliisogelea karatasi niliyokuwa nimeibandika ukutani. Kisha akachukua kalamu yangu, na mahali nilipoandika kuku, soda, keki, akapiga mstari. Haukunyooka hata kidogo.

"Wifi atakula tunachokula."

"Atamchukua Wakili."

"Kwa sababu ya maharage?" Mama aliinua sauti, jambo ambalo halifanyi. "Miaka miwili, kila mwezi, tunafunga mikanda wiki nzima ili siku moja mtu mmoja aamini hatuna shida. Na hajaamini. Kila akija anakula kuku wetu halafu anatuhesabia umaskini. Mimi nina kazi. Nimelea watoto wawili kwa mikono hii, mmoja akafika chuo. Simwombi mtu ruhusa ya kukaa na mwanangu."

Wakili, aliyekuwa amejibanza mlangoni na begi la shule mgongoni, alisema kwa sauti ndogo, "Mahakama imekubali."

Jumatano mama aliondoka na nusu kilo ya sukari. Jioni alirudi na habari ya mashati manane na mabega yaliyonyooka.

Jumapili shangazi alifika amevaa vizuri kama kawaida yake. Tulimkaribisha, akanawa, akakaa. Mama akafunua sufuria: wali, maharage, mboga za majani. Pembeni jagi la maji. Shangazi aliangalia meza, akaangalia jikoni, kama mtu anayengoja chakula chenyewe kiletwe.

"Ndiyo hivi, wifi," alisema mama. "Karibu."

"Kumbe mmefika huku."

"Tulikuwa huku siku zote. Leo tumekukaribisha ufike na wewe."

Shangazi aliweka kijiko chini. "Mimi nilisema mapema, sikuficha. Mtoto anakua, anahitaji kula vizuri. Siwezi kuiacha damu ya kaka yangu ..."

"Shangazi, hoja ya kwanza ..." Wakili alianza.

"Nyamaza," alisema mama. "Hili ni langu."

Akamgeukia shangazi. Aliweka mikono yake mezani.

"Wifi, wewe umetusaidia, sitakuja kulikana hilo mbele ya mtu yeyote. Lakini kuku uliyekuwa unamla hapa tulikuwa tunamlipa kwa kulala na njaa. Nimechoka kukupikia maonyesho. Kodi nimelipa nusu kwa malipo ya jana, nusu nyingine namalizia Jumamosi, nina mashati manane mengine ya wauguzi kwenye cherehani. Huyu mtoto anakula maharage na anashiba. Ukitaka kumsaidia, msaidie akiwa hapa. Ukimkumbuka, mlango ndio huu. Lakini kuhama, hahami."

"Kwa hiyo nimekuwa mzigo kwenu."

"Mzigo alikuwa kuku. Wewe ni wifi yangu."

Wakili alicheka puani, akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilimtazama shangazi, nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ya kumwandalia sikuwahi kukiona: alikuwa amekuja na mfuko wa nguo za kitandani, mpya, zenye maua, za kutandika katika kile chumba kitupu. Alikuwa ameuficha chini ya kiti. Moyo uliniuma kwa ajili yake. Hata hivyo sikutaka mama arudi nyuma hata hatua moja, na hakurudi.

Shangazi alikichukua tena kijiko. Kisha akasema, "Nipe chumvi."

Nilimpa. Akala. Hakusifu na hakusema tena neno juu ya mtoto, lakini aliimaliza sahani yote.

Alipoaga, mama aliniambia nimsindikize. Tulitembea hadi barabarani, mimi nimembebea ule mfuko, hakuna aliyeutaja. Kwenye kona alisimama, akanitazama toka juu hadi chini.

"Mama yenu ana kiburi."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe naona umeanza."

"Najifunza."

Alichukua mfuko wake, akaupima mkononi kana kwamba umeongezeka uzito. "Viatu vya shule vya yule mtoto vinambana. Anatembea kwa visigino. Mmeona?"

"Tumeona. Tunavipangia mwezi ujao."

"Mwezi ujao miguu itakuwa imeshaota vidonda." Alianza kuvuka barabara, akanisemesha bila kugeuka. "Nitavileta Jumamosi. Atavivalia huko huko kwenu."