Mwenye Mgeni

Muhindo alikuja Bwera kutembea tu, na kabla mwezi haujaisha wanafunzi wa Hilaire walikuwa wanampenda yeye kuliko mwalimu wao. Tatizo lilikuwa hilo. Hapakuwa na mwanamke katikati, wala shamba, wala deni. Ni mwanamume mzima, mwenye mke na mtoto na kazi nzuri, aliyemwonea mgeni wake wivu mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Hilaire alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari pale Bwera, upande wa Uganda, mahali ambapo ukisimama uwanjani unaiona Kongo kama unavyoona nyumba ya jirani. Kwao ni Butembo. Lakini siku ya kwanza alipoingia darasani alisema ametoka Kisangani, mbali huko, na kwamba hajui lugha nyingine ila Kifaransa, Kiswahili, na Kiingereza kidogo cha ofisini. Uongo mtupu. Wakonzo wa Bwera na Wanande wa Butembo lugha yao ni moja, hawa wanaiita Lhukonzo na wale Kinande, na Hilaire aliinyonya kwa mama yake. Aliificha kwa sababu alitaka kuogopwa. Aliona mwalimu aliyetoka mbali anapewa heshima, na yule wa ng'ambo ya mto wa mpakani, anayeongea kama wauza nyanya wa sokoni, anazoeleka upesi. Jina lake la nyumbani, Paluku, akalificha pia.

Wanafunzi wakamwita Mesie, yaani bwana kwa Kifaransa. Wakamsengenya kwa Lhukonzo mbele ya uso wake: kichwa chake, suruali yake, mwendo wake wa bata. Alisikia kila neno na akajifanya ukuta. Watu wazima walishuku, wakanyamaza. Mpakani kila mtu ana lake.

Aliyeumia zaidi ni Jeanine, mkewe. Alikatazwa kusema Kinande nje ya nyumba. Penye bomba la maji aliwajibu wanawake kwa Kiswahili, neno moja moja, na wanawake wakamwona ana maringo. Wakaacha kumsemesha.

Hilaire mwenyewe ndiye aliyewaita wageni. Muhindo alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka vita vilipoifunga shule yake. Alipopiga simu kusema amechoka kukaa bure, Hilaire alimwambia, "Kuja na Consolée, mupumuzike hapa kwangu." Wakavuka siku ya soko, Muhindo na mkewe, na kifurushi cha unga wa muhogo kichwani.

Siku hiyohiyo Hilaire akampeleka Muhindo kwa Yonasani, mwenyekiti wa kijiji. Ndiyo desturi ya pale. Tangu usalama uharibike, mgeni wa kutoka ng'ambo hana uso wake mwenyewe. Uso wake ni wa aliyemkaribisha. Mwenye nyumba anamfikisha kwa mwenyekiti, anasema huyu ni wangu, anataja siku, na kuanzia hapo akiulizwa mgeni, anajibu yeye.

"Huyu ni mtu wako?" Yonasani aliuliza.

"Ni wangu."

"Anakaa mpaka lini?"

"Wiki mbili. Akizidisha nitarudi mwenyewe kukwambia."

"Basi karibu, mgeni. Ukipotea tutamshika huyu," Yonasani akasema, na wote wakacheka.

Jioni ile nyumba ilijaa harufu ya sombe, majani ya muhogo, na samaki wa moshi. Jikoni Jeanine na Consolée walikuwa wanapika na kupigana vijembe kwa Kinande na Kiswahili, na Jeanine akacheka mpaka akaketi chini.

"Mama Chérie, kumbe ungali na meno!" Consolée akamwambia. "Nilizani yalibakia Butembo."

"Nitacheka na nani huku? Na bomba?"

Hilaire alikuwa sebuleni, akasikia. Akatabasamu, kwa kuwa mgeni alikuwa anamtazama, lakini neno lile lilimchoma. Tangu wahamie pale hakuwahi kumchekesha mkewe namna ile.

Alikusudia kumweleza Muhindo ile habari ya Kisangani. Kila alipotaka kuanza, aibu ilimfunga mdomo. Utamwambiaje mtu mliyechunga mbuzi pamoja kwamba umeikana lugha yake? Akaahirisha. Alijiambia kwamba Muhindo hana la kufanya shuleni.

Wiki ya kwanza haikuisha. Asubuhi moja Hilaire alisahau miwani yake nyumbani, na Muhindo, mtu mwema, akaichukua akampelekea. Aliwakuta wanafunzi nje ya darasa akawasalimu, "Wabukire!" Wakaitikia kwa furaha. Akawauliza kwa lugha yao mwalimu yuko wapi. Msichana mmoja, Sylivia, akamwonya:

"Ukimkuta Mesie usimsemeshe Lhukonzo. Hasikii hata moja."

"Nani? Paluku?" Muhindo akacheka kwa sauti. "Paluku huyu wa kwetu? Tulichunga mbuzi pamoja. Ni yeye alinifundisha matusi yote ninayoyajua!"

Hilaire alikuwa amesimama mlangoni. Uwanja mzima ukamgeukia. Kisha wanafunzi wakaanza kukumbuka yote waliyoyasema mbele yake miaka yote ile, na wengine wakashika vichwa, na wengine wakaangua kicheko. Muhindo akamwona rafiki yake alivyobadilika sura, akaelewa kwamba ameharibu kitu, ila hakujua ni kitu gani.

"Mukubwa, nimekosa?" akamuuliza jioni, baada ya watoto kumsimulia habari ya Kisangani.

"Hapana."

"Ungeniambia tu. Ningesema nimetoka Kisangani na mimi. Ningesema nimetoka Paris!"

Hilaire akavua miwani yake, akaenda kulala.

Kuanzia pale mambo yakamponyoka. Shule ilikuwa inatayarisha mchezo wa kuigiza kwa Kifaransa, wa kushindana na shule nyingine mjini Kasese. Hilaire alikuwa ameufundisha kwa fimbo ya mdomo, na watoto walikuwa wanasema maneno kama wanaotapika dawa. Mkuu wa shule, Madamu Mbabazi, alimsikia Muhindo siku moja akiwaeleza watoto maana ya mistari kwa Lhukonzo na kuwaonyesha jinsi ya kusimama. Akamwomba awe anakuja kila jioni. Watoto wakachangamka. Wakaanza kufika mpaka nyumbani kwa Hilaire, wanabisha, na akifungua yeye wanauliza, "Mwalimu Muhindo yupo?"

Mwalimu. Nyumbani kwake, mlangoni kwake, wanamuulizia mwalimu mwingine.

Tuseme ukweli: Muhindo hakumnyang'anya kitu. Kila usiku alimsifu mbele ya wake zao. "Watoto hawa umewajenga vizuri, Mukubwa. Mimi ninapaka rangi tu." Lakini mtu mwenye wivu akisifiwa anasikia anadharauliwa. Hilaire akawa analala amegeukia ukuta. Akawa anahesabu mara ambazo Jeanine ametaja jina la Muhindo. Akawa anaona hata Chérie, mtoto wake mdogo, anakimbilia miguu ya mgeni kabla ya yake.

Wiki mbili zikaisha. Muhindo hakusahau.

"Mukubwa, siku zetu kwa mwenyekiti zimefika. Tuende leo? Madamu ananiomba nibaki mpaka ile siku ya Kasese."

"Usijali. Nitapita kwake nikitoka shuleni."

"Na Consolée pia umutaje."

"Nimekwambia nitapita."

Njia ya kutoka shuleni inapita mbele ya mlango wa Yonasani kabisa. Hilaire alipita pale jioni hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Mara moja Yonasani alikuwa ameketi barazani akianika kahawa yake, akamwinulia mkono. Hilaire akainua wake, akaendelea na safari. Hakuwa amesahau. Alitaka kuwe na kitu kimoja juu ya Muhindo ambacho kiko mkononi mwake.

Siku ya Kasese walikodi basi dogo. Walikwenda wanafunzi, Madamu Mbabazi, Hilaire na Muhindo. Consolée alibaki na Jeanine. Ukumbi ulijaa shule za kutoka kila upande, na watoto wa Bwera wakacheza mchezo wao mpaka watu wakasimama. Walitangazwa wa kwanza. Sylivia ndiye aliyeitwa kupokea kombe, na aliposhuka jukwaani hakumtazama Hilaire. Alikwenda moja kwa moja kulitia mikononi mwa Muhindo. Muhindo akaruka kama limemchoma moto, akampa Hilaire. "Ni la mwalimu wenu hili," akasema. Watu wakapiga makofi. Hilaire akalishika kombe huku anatamani kulitupa.

Wakati wa kurudi watoto waliimba njia nzima. Madamu Mbabazi aliketi karibu na Hilaire, amefurahi, anajipepea kwa karatasi.

"Mwalimu Hilaire, huyu mtu wako ni mzuri sana. Muhula ujao nataka apate kidato cha kwanza na cha pili. Wewe ubaki na wakubwa. Si utapumzika?"

"Ndiyo, Madamu."

"Karatasi zake tutatafuta. Kwa kuwa wewe ndiye mwenye mgeni, utanisaidia."

"Ndiyo, Madamu."

Nyuma yao Muhindo alikuwa anaimba pamoja na watoto. Hilaire akatazama nyasi za mbugani zinavyopita.

Penye njia panda ya Kikorongo, askari walikuwa wamesimamisha magari. Mmoja akaingia, akapita katikati ya viti, akamfikia Muhindo.

"Wewe. Kipande iko wapi?"

Muhindo akatoa kadi yake ya uchaguzi ya Kongo, kwa mikono miwili. "Niko mugeni, afande. Niko kwa mwalimu, Bwera."

"Bwera ni kule. Hapa unafanya nini? Nani anajua huyu mtu?"

Kuimba kulikatika. Watoto wote wakageuza shingo kumtazama Hilaire, na Madamu akamtazama, na Muhindo akamtazama huku anatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja apokezwe mzigo. Ilitakiwa sentensi moja: huyu ni wangu. Kila mwenye mgeni anaijua. Angeisema, askari angenung'unika, angetisha kidogo, angewaachia. Mambo ya namna hiyo hutokea barabara ile kila siku.

"Namfahamu," Hilaire akasema. "Alikuja kutembea. Lakini siku alizopewa na mwenyekiti zimeisha."

"Zimeisha?"

"Zimeisha zamani."

Hakusema uongo. Hata neno moja.

"Mwalimu!" Madamu Mbabazi akamshika mkono. Akamgeukia askari. "Afande, huyu ni mtu wa shule. Mimi ni mkuu wa shule, nasema ni wetu."

"Madamu, wewe si mwenye mgeni. Mwenyewe amesema. Wewe, toka inje!"

Muhindo akasimama. Alipofika kwenye kiti cha Hilaire akasita.

"Ulisema ulipita kwa mwenyekiti," akamwambia kwa Kinande, polepole.

Hilaire akatazama magoti yake. Watoto wote walikuwa wameelewa.

"Haya. Asante, Mesie," Muhindo akasema, akashuka.

Basi likaondoka. Hakuna aliyeimba mpaka Bwera.

Habari zilifika nyumbani kabla yake, kwa midomo ya watoto. Alimkuta Consolée anafunga kitenge chenye nguo zake na Jeanine amesimama ukutani.

"Ulisema nini kule?" Jeanine akamuuliza.

"Nilisema ukweli."

"Kwa nani? Kwa askari? Huyu alibeba arusi yetu mabegani, Hilaire. Ulikuwa na wivu. Sema basi kwamba ulikuwa na wivu!"

Hilaire akaingia chumbani. Consolée akavuka mto kesho yake bila kumuaga. Muhindo alilala ndani Kasese siku kadhaa, kisha akafikishwa mpakani na kuambiwa asionekane tena upande huu. Madamu Mbabazi alimpigia kila mtu aliyemjua, lakini wote walimuuliza swali lilelile: mwenye mgeni anasemaje?

Hilaire alikwenda kwa Yonasani akiwa amechelewa. Mzee hakumkaribisha kiti. "Ulinipungia mkono pale," akamwambia. "Nilidhani umekuja kuniambia kitu."

Muhula uliofuata kidato cha kwanza na cha pili vilipewa mwalimu mpya, binti aitwaye Lamunu, aliyetoka kaskazini na hakumjua mtu pale. Hilaire alibaki na wakubwa. Wanasimama akiingia, wanajibu wakiulizwa, na akitoka darasa linapumua. Shule haikwenda Kasese tena, kwani kila mtoto aliyeombwa kuigiza alisema koo linamuuma.

Hasara yenyewe ni hii. Rafiki mmoja wa tangu utotoni. Vidato viwili, vile vile alivyotaka kuvilinda. Mke, ambaye yumo nyumbani, anapika, anafua, na hana la kumwambia. Heshima ya Yonasani, ambaye hatampokea mgeni wake mwingine. Na Butembo. Baba yake mdogo alifariki kabla ya Pasaka, msiba ukakaa nyumba ya pili kutoka kwa Muhindo, na Hilaire hakwenda kuzika.