Pombe Isiyongoja Ushindi

Pombe ya Thacienne iliiva siku ile ile redio ilipotangaza kwamba watoto wameshindwa. Ilikuwa ndani ya mtungi mkubwa nyuma ya baa ya Joanita, imefunikwa kwa majani ya mgomba, na povu lake lilikuwa likipanda taratibu, halina habari na yaliyotokea Kampala. Thacienne alikuwa ameinama juu yake sauti ya mtangazaji ilipopenya ukutani: timu ya taifa ya vijana ya raga imemaliza mashindano bila kushinda mchezo hata mmoja, tena bila kupata hata alama moja. Kisha zikafuata habari za bei ya kahawa.

Hata alama moja! Alilirudisha jani mahali pake na kusimama mikono kiunoni. Mwanawe Valentin alikuwa katika timu hiyo, kijana pekee wa Gisenyi aliyeitwa na taifa, na pombe hii ilikuwa ya kumpokea yeye. Jambo la kwanza lililomjia Thacienne kichwani, na halikumpendeza hata yeye mwenyewe, lilikuwa kuvuka mpaka aende kwa dada yake Goma, akae huko mpaka watu wapate jambo jingine la kusema.

Kosa lilikuwa la mtaa mzima, ingawa sasa kila mtu alikuwa akilikana. Timu ilipoondoka, watu walikuwa wamelewa matumaini. Milio ya risasi milimani ilikuwa imekoma, barabara ya Ruhengeri ilikuwa imefunguka, na kijana wao alikuwa amevaa rangi za nchi. Nani angetulia? Siku hiyo hiyo mikungu ya ndizi ilifukiwa shimoni iive. Baadaye ikakamuliwa kwa nyasi, ikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yote kwa kukadiria siku ya kurudi. Hakuna aliyeuliza itakuwaje wakishindwa. Na pombe ya ndizi, jamani, haijui kusubiri. Ukiichelewesha inageuka siki, na hakuna anayempokea mtu kwa siki.

Jioni baa ilijaa. Connie, binti aliyekulia Uganda na kurudi na wazazi wake baada ya vita, alikuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka Kampala alikokwenda kumwona shangazi yake. Mchezo wa mwisho, wa jana yake, aliutazama kwa macho yake. Akasimulia huku watu wamemzunguka, na Thacienne akasikiliza akiwa nyuma ya mlango wa ua, vikombe mikononi.

"Walikuwa wanapigwa tu," alisema Connie. "Wapinzani wao wakubwa, wazito. Halafu karibu na mwisho Valentin akaupata mpira. Akakimbia! Akampita mmoja, akampita mwingine, uwanja mzima umesimama. Akavuka mstari wao kabisa."

"Sasa alama iko wapi?" aliuliza Jean Paul, mchuuzi wa Goma aliyevuka mpaka kila asubuhi na vitenge na kurudi kila jioni na viazi.

Connie alitazama chini. "Hakuuweka chini. Kwenye raga ukivuka mstari lazima uubandike mpira ardhini kwa mkono. Yeye aliurusha juu kwa furaha, kama mtu aliyefunga goli la kandanda. Akawakimbilia wenzake. Refa akakataa."

Baa ikalipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga meza. Sauti iliyozishinda zote ilikuwa ya Damascène, mzee aliyerudi kutoka Karagwe na Kiswahili chake kilichonyooka. Huko alikuwa refa wa kandanda miaka mingi, ndiyo maana wote walimwita Arbitre, na filimbi yake ya zamani bado ilining'inia shingoni, hata kanisani.

"Huo ni upuuzi!" alisema. "Sheria wanafundishwa, tena kila siku. Mchezaji wa taifa anashangilia kabla hajamaliza kazi? Ametuaibisha mbele ya mataifa. Mimi nasema asipokewe. Tukimpokea, tutakuwa tunafundisha watoto kwamba kushindwa ni sherehe."

"Arbitre, pole pole," alisema Jean Paul. "Ile mupira yenyewe iko kama yai. Mutu akiikamata tu, vraiment, ni miujiza."

"Hata yai lina sheria zake!"

Joanita, mwenye baa, mwanamke asiyependa kitu kiharibike, alipanguza kaunta na kutafuta suluhu. Kulikuwa na harusi Mahoko kesho yake, alisema, na wenye harusi wanatafuta pombe. Kwa nini isipelekwe huko, ikanyweka kwa heshima, na mambo yakaisha kimya kimya? Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Nyuma ya mlango Thacienne naye alijikuta akiitikia, uso ukimwaka kwa aibu.

Ndipo Connie alipomwona. Akamfuata mlangoni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama Valentin, amenituma kwako. Anasema atabaki Kigali kwa mjomba wake. Viatu vya kuchezea ameshavigawa. Anasema msimngoje."

Thacienne aliweka vikombe chini, kimoja kimoja. Habari ya kushindwa angeweza kuimeza. Lakini hili la viatu lilimchoma. Aliukumbuka uwanja wa karibu na ziwa, mara ya kwanza alipokwenda kuwatazama wakifanya mazoezi. Vijana walikuwa wameinama, wamekumbatiana mabegani safu kwa safu, wanasukuma. Mkono wa Valentin ulikuwa juu ya bega la mtoto wa nyumba ambayo yeye Thacienne alikuwa hajaisalimia tangu vita. Wala Valentin hakuonekana kujali ni bega la nani, mradi lisukume. Siku ile Thacienne alirudi nyumbani njia ndefu, akapita mbele ya nyumba hiyo, akasalimu, mwaramutse. Mama wa pale alikawia, kisha akajibu. Na sasa mtoto aliyeyaleta hayo ajifiche Kigali kama mwizi? Kwa sababu alifurahi?

Aibu ikamtoka, hasira ikaingia mahali pake, na hasira ilimkaa vizuri zaidi. Akausukuma mlango.

"Arbitre, naomba nikuulize."

Damascène aligeuka, akavua kofia. "Uliza, Mama Valentin. Sina ubaya na wewe."

"Mikungu ya kwanza ya hii pombe ilitoka kwa nani?"

Mzee alikohoa. "Kwangu."

"Uliileta siku gani?"

"Siku... siku walipoondoka."

"Bon. Donc we ulishangilia batoto hawajafika hata Ruhengeri. Na hawa wote humu walishangilia na wewe. Mwanangu, quand même, alivuka musitari kwanza."

Jean Paul alitaka kucheka, akaona uso wa mama yule, akaahirisha. Damascène akaishika filimbi yake bila kuipuliza.

"Na pombe haiende Mahoko," aliendelea Thacienne. "Iko na mwenyewe."

Alitoka moja kwa moja hadi kituo cha mabasi, akamkuta dereva wa gari la mwisho la Kigali akifunga mizigo juu. Dereva alimjua mjomba wa Valentin. "Mwambie mtoto wangu," alimwagiza, "pombe yake imeiva. Ikigeuka siki, ataikunywa hivyo hivyo, na mi nitakaa hapo namuangalia."

Kesho yake mchana alimimina pombe katika kibuyu kikubwa, akatia mrija mmoja mrefu wa tete, akajitwika kibuyu juu ya ngata ya majani ya mgomba na kukatiza katikati ya mji. Angeweza kupita njia ya ziwani, yenye kivuli na watu wachache. Hakupita huko. Wapanda pikipiki walimtazama, wauza dagaa wa sambaza walinong'ona. Joanita alimfuata kwa nyuma, akilalamika juu ya harusi ya Mahoko hatua zote, lakini alimfuata.

Gari lilichelewa. Watu walizidi kukusanyika, kila mmoja akijifanya amekuja kwa shughuli zake. Damascène alisimama kando, mbali kidogo, kofia imeshuka machoni. Thacienne aliogopa. Kama mtoto asingekuja, angebaki hapo na kibuyu chake, kichekesho cha mji mzima mpaka Krismasi.

Gari likaingia. Walishuka wanawake na mizigo, mwanajeshi mmoja, padri mmoja. Valentin alishuka wa mwisho, bila begi la michezo, shavu limevimba, macho chini.

"Mama, watu wanaangalia."

"Waangalie."

Kama ada ilivyo, aliyeleta pombe huonja kwanza. Thacienne akavuta mrija mbele ya watu wote, akameza, akampa mwanawe kibuyu. Valentin alikunywa kidogo, kisha sana, kama mtu aliyekumbuka kiu. Machozi yalimtoka na hakuyapangusa. Thacienne akaiweka ngata chini kwenye vumbi, kwa sababu kibuyu hakisimami chenyewe.

Valentin aliinama. Alikishusha kibuyu kwa mikono yote miwili, akakikandamiza juu ya ngata, na hakuiondoa mikono hata kilipokwisha kutulia. Alibaki hivyo, ameinama, viganja vimebana.

Damascène alitoka alikokuwa amesimama. Alipiga magoti polepole, magoti ya mzee, akakitazama kibuyu, akaitazama mikono, akatazama ardhi iliyokuwa chini yake, kama afanyavyo mtu anayetaka kuwa na hakika. Kisha akashika mrija ule ule, akanywa.

"Arbitre," aliita Jean Paul kutoka nyuma, "alama iko ao haiko?"

Mzee aliitafuta filimbi kifuani kwake.