Profaili ya Muda

Jumatatu asubuhi, lori la kwanza likiwa bado linarudi nyuma kuelekea mlango wa kupakulia, Bibi Mizani alinyoosha mkono achukue kikombe chake cha chai, na kikombe kikafifia. Kilikuwa cha bluu, chenye ukingo uliomeguka; kikageuka cha kijivu kama nguo iliyolowekwa kwenye dawa kali, na vidole vyake vikateleza juu yake kana kwamba vinateleza kwenye kioo. Alipourudisha mkono pajani, kikombe kikarudia ubluu wake. Akajaribu tena, ikawa yale yale. Chai ikapoa huku akiitazama.

Jina hilo alipewa na kazi. Kila katoni ya sabuni iliyoingia ghalani ilipita kwenye mizani yake, naye akaingiza uzito kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa pembeni. Alikuwa na mikono inayojua. Akinyanyua katoni alitaja kilo zake kabla tarakimu hazijatulia, na mara nyingi mizani ndiyo ilikuja kukubaliana naye. Alikuwa mfanyakazi wa muda. Alikuwa wa muda enzi za mawe ya chuma, akaendelea kuwa wa muda ilipoletwa mizani ya betri, na mkataba wake ulikuwa unafufuliwa kila baada ya miezi mitatu kama mgonjwa asiyepona wala kufa.

Mfungaji, mama mwembamba wa meza ya pili, alikuwa ameinamia mkasi wake. Mkasi nao ulikuwa wa kijivu.

"Na wewe?" Bibi Mizani aliuliza.

"Na mimi, shoga yangu. Hata mlango wa choo. Nimesimama pale mpaka mhasibu alipobanwa, ndiyo nikaingia naye."

Fundi wa mfumo akaitwa. Alikuwa kijana aliyeonekana kama hajawahi kumaliza usingizi hata siku moja, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliwatazama wapakiaji waliosimama mbele ya mizigo mikono ikiwa chini, akaitazama chai iliyopoa, akakuna kichwa. Hiyo ni Muda, alisema. Imeanza kufanya kazi asubuhi hii.

Akawaeleza bila kuficha. Zamani kila mfanyakazi alikuwa na ruhusa zake mwenyewe kwenye mfumo, na fundi alizitia alama moja baada ya moja: huyu afungue mzigo, huyu arekebishe uzito, yule achape risiti. Akija mtu mpya, fundi anaanza upya, macho yanamtoka. Ndipo makao makuu wakataka profaili, yaani furushi la ruhusa linaloshonwa mara moja likavishwa watu wengi, kama sare. Fundi akashona ya Meneja, ya Mhasibu, ya Muuzaji na ya Mtunza Stoo, akazijaribu zote zikamkaa vizuri. Ikabaki ya watu wa muda, na ilikuwa Ijumaa jioni, watu wanazima taa. Akakumbuka kuna mkaguzi wa nje aliyewahi kukaa pale wiki moja. Mkaguzi naye alikuwa wa muda. Akanakili ruhusa za mkaguzi, akaziita Muda, akawavisha wote.

Mkaguzi alikuwa ameruhusiwa kuona kila kitu na kutogusa chochote.

"Yeye mbona hakulalamika?" Mfungaji aliuliza.

"Alikuwa na karani wa kumfungulia milango," fundi akasema. "Na alikaa wiki moja tu."

Dawa yake ilikuwepo. Mhusika mwenyewe afungue ukurasa wa maombi, ajaze ombi la kubadilishiwa profaili, abonyeze kitufe cha kutuma. Fundi alimsogezea Bibi Mizani kiti. Ukurasa ulifunguka vizuri, maandishi yote yanasomeka. Kitufe cha kutuma kilikuwa cha kijivu. Fundi akajaribu kumjazia, mfumo ukamjibu kwa adabu kwamba ombi hutumwa na mhusika. Wakakaa hapo wawili wakikitazama kitufe, mpaka fundi akaitwa kwingine kushughulikia printa.

Nyumbani nako kila alichokigusa kilififia, na binti yake alimlisha kwa kijiko. Binti alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake, miguu imevimba, na kuinama kulimtoa jasho, lakini alimvua mama yake viatu, akamfungulia vishikizo, akampangusa mdomo.

"Nilijua nitalea," alisema. "Sikujua nitaanza na bibi."

Bibi Mizani akacheka, kwa sababu vichekesho havikuhitaji ruhusa. Halafu wakategeana vitendawili, kama walivyofanya tangu binti akiwa wa kubebwa mgongoni. Mmoja anatega, mwenzake anafikiri, na akishindwa anatoa mji, na mtegaji anaupokea na kujisifu humo kidogo kabla ya kufungua jibu. Kwa miaka yote hiyo Bibi Mizani alikuwa amejikusanyia miji mingi kuliko serikali. Jioni hiyo alipewa miwili, ila mawazo yake yalikuwa kwingine. Alikuwa anatazama tumbo la binti yake. Mikono aliificha chini ya mapaja, isije ikajisahau.

Akaenda kwa meneja. Meneja alimkaribisha vizuri, akamwita mama yangu, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta mstari mwekundu unaoteremka. Tangu profaili zianze, makosa ya kuingiza uzito yalikuwa yamekwisha kabisa. Bibi Mizani akamwambia makosa yamekwisha kwa sababu hakuna anayeingiza. Meneja akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Malori yalikuwa yamepangana nje hadi barabarani, na wafanyakazi wa kudumu walikuwa wakipakua wenyewe huku wakinuna, lakini hayo hayakuwa na mstari.

"Profaili ni moja, mama yangu. Nikikulegezea wewe, nimewalegezea wote."

"Basi niandike wa kudumu. Univishe ya mtunza stoo."

"Bajeti, mama."

"Mwanangu, mimi ni wa muda tangu wewe unavaa kaptula."

"Ndiyo maana tunakuthamini," meneja akasema, akamfungulia mlango, maana asingeweza kuufungua mwenyewe.

Mtoto akazaliwa kwa upasuaji, wa kike, kelele tele. Bibi Mizani alisimama kando ya kitanda cha hospitali. Mtoto alikuwa mwekundu kama kitunguu kilichomenywa. Bibi akasahau, akanyoosha mikono, na wekundu ukaanza kutoka mashavuni, ukatoka kwenye vidole, kucha zikawa za kijivu.

"Mama," binti akasema taratibu. "Anafifia."

Akarudisha mikono. Mtoto akawa mwekundu tena. Muuguzi aliyekuwa anabadilisha shuka alisema dada yake naye yuko hivyo hivyo, ni wa muda kwenye kiwanda cha nguzo, mwezi wa pili sasa.

Wiki iliyofuata mtunza stoo akaenda likizo, na mambo yakafunguka kidogo. Mfumo haukukubali ghala likae bila mtunza stoo. Ulidai kaimu, na kwa kuwa wa kudumu wote walikuwa na kazi zao, meneja akamwambia fundi amweke yeyote. Fundi akasema kaimu ni mtu mmoja, lakini haijaandikwa popote kwamba awe yule yule kila siku. Wakapeana zamu. Aliyekaimu alivaa profaili ya Mtunza Stoo kuanzia kengele ya asubuhi hadi kengele ya kumaliza chakula cha mchana, na profaili hiyo haikufanya kazi nje ya kizuizi cha getini. Asubuhi alifanya kazi ya ghala zima kwa mikono miwili. Mchana mikono ilikuwa yake.

Mpakiaji mmoja alijikuna mgongo kwa muda wote wa chakula, hakula. Mfungaji aliletewa binti yake wa shule akamsuka, akamaliza mistari yote isipokuwa miwili, na binti akabaki hivyo. Mfagiaji alimenya chungwa, akalipasua, akampa kila mtu kipande mdomoni. Bibi Mizani aliomba siku ya mwisho, Ijumaa, kwa sababu daktari alikuwa amekataza binti asitoke mpaka kidonda kishike. Wenzake walimwambia achukue mapema, siku ya mwisho ikiharibika haina nyingine nyuma yake. Akasema anasubiri mzigo.

Ijumaa asubuhi alipima katoni zote zilizokuwa zimekwama. Mikono ilikuwa imekakamaa, lakini ilikuwa bado inajua. Alitaja kilo, mizani ikakubali. Ilipofika saa ya chakula alinawa kwa sabuni, akaenda getini akasimama.

Binti alichelewa. Alikuja akitembea kwa kujishika ubavu, mtoto kifuani, akafika kwenye kizuizi, ule mti wa chuma wa rangi nyekundu na nyeupe, na hapo akakwama. Mlinzi wa geti alikuwa wa muda. Alinyoosha mkono, chuma kikawa cha kijivu chote. Bibi Mizani akajaribu yeye, kikawa vile vile, kwa kuwa mtunza stoo hakuwahi kupewa ruhusa ya geti. Karani anayelinyanyua alikuwa ameenda kula. Binti hakuweza kuinama, akiinama uzi wa mshono unakatika. Mlinzi aliomba radhi. Alisema ameomba ruhusa ya geti mara tatu kwa mdomo.

Wakasimama pande mbili za chuma. Muda ulikuwa unakwenda.

"Mtunza stoo anaruhusiwa nini?" binti aliuliza.

"Kupokea, kupima, kutunza na kutoa."

"Basi pokea," binti akasema, akampitisha mtoto juu ya kizuizi.

Akampokea. Mtoto hakufifia. Alikuwa wa moto, na shingo yake ilikuwa na unyevunyevu na harufu ya maziwa, na alifungua jicho moja akalifumba, kama mtu aliyeamshwa kusaini kitu. Bibi Mizani alimweka kwenye mkono wa kushoto, kiganja cha kulia kikamshika chini, akatulia kidogo mpaka uzito wenyewe ukatulia.

"Kilo nne kasoro kidogo," alisema.

"Kliniki wamesema nne kamili."

"Mizani yao inadanganya."

Mlinzi aligeuka akatazama barabara. Halafu kengele ikaanza kulia, ndefu, kama ilivyo kila siku, na Bibi Mizani akajua ana urefu wa kengele tu. Alimbusu utosini. Alimpitisha tena juu ya chuma, na alipokuwa katikati, vidole vya miguu vya mtoto vilikuwa vimeanza kupoteza rangi. Binti akamvuta kwake, akavisugua, rangi ikarudi.

Jumatatu mtunza stoo akarudi kutoka likizo amenenepa. Mkataba wa Bibi Mizani ukafufuliwa kwa miezi mitatu. Meneja alipongezwa na makao makuu kwa ule mstari mwekundu, na kwa kuwa uzuri wa profaili ni kwamba ikishonwa inatumika popote, ile ya Muda ikapelekwa kwenye matawi yote kama ilivyo. Fundi ndiye aliyeituma. Alisema ilichukua kufumba na kufumbua, na kwamba kwa mara ya kwanza alitoka kazini mapema.

Jioni Bibi Mizani aliketi mkekani, mtoto amelala mbele yake kwenye mto, mikono yake ikiwa pale anapoiweka sasa, chini ya mapaja. Binti alikuwa anampulizia uji upoe.

"Kitendawili," Bibi akasema.

"Tega."

"Nimekipokea mara moja, nimekitoa, na mikono ingali imejaa."

Binti alimtazama mtoto. Jibu alikuwa nalo. Alikoroga uji, akakoroga tena, kisha akasema ameshindwa.

"Nakupa mji," alisema.

"Mji gani?"

"Mkubwa. Wenye taa, wenye soko ambalo watu wanachagua nyanya kwa kuziminya. Chukua wote, mama."

Bibi Mizani akatoa mkono chini ya paja, akaunyoosha kuupokea. Nje ya dirisha taa moja ikafifia, ikafuata ya pili, kisha mtaa mzima, na mji wote ukawa wa kijivu.

Akaurudisha mkono, taa zikawaka, na binti akamletea kijiko mdomoni.