Mashine ya Kulilia

Msiniite mwongo kabla sijamaliza. Mtaani kwetu unga ulisagwa mara nyingi mpaka ukawa mwepesi kuliko moshi. Mwashi mmoja aliusaga wake hadi ukatoweka, akarudi nyumbani na mfuko mtupu, na familia ikashiba kwa kunusa.

Sababu ilikuwa kilio. Serikali ilisema kilio kinaambukiza: analia mmoja leo, kesho mtaa mzima unauliza maswali. Basi kila nguzo ikafungwa chombo cha betri tulichokiita sikio. Sikio likisikia mtu analia, mabomba ya mtaa mzima yanakauka mpaka mwenye kilio apatikane. Paka wa fundi viatu alipofiwa na watoto wake, tulikunywa maji ya mtaro siku mbili kabla hawajagundua kuwa ni paka. Watu nao walipelekwa Nyumba ya Mapumziko, na wanapumzika mpaka leo.

Lakini vita hatukuwa navyo, wala wezi. Watu walilala milango wazi. Sikatai.

Mimi nilikuwa na mashine ya kusaga, na ngurumo yake ilizidi masikio yote. Mtu akizidiwa, alichukua unga wake uliokwisha sagwa, akaja kusema, "Mzee, huu bado una chenga." Nilimwingiza ndani, nikawasha, nikatoka nje na kufunga mlango. Akimaliza, aligonga. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Asubuhi hiyo alikuja mdogo wangu, dada aliyenifuata kwa kuzaliwa. Alikuwa na unga kwenye bakuli, na begani shati la mwanawe, limefuliwa na kupigwa pasi. Ndivyo tulivyoletewa misiba: nguo safi, bila maneno. Foleni yote ikampisha.

"Kaka, una chenga," alisema, na midomo ilimcheza.

Nikamwashia mashine. Hata mkanda haujapata moto, umeme ukakatika.

Mashine ikazimika, ikanyamaza. Yeye hakunyamaza. Sauti yake ilitoka chini ya mlango ikatukuta nje, tumeshika mifuko yetu kama watu waliofumaniwa. Bomba la ukutani likakohoa, likatema tone moja, likakauka.

"Mzee, mnyamazishe," alisema Mama Pacha, jirani yetu, ndoo mkononi. Wajukuu zake wawili walikuwa wanaharisha tangu juzi. "Nakuomba. Wale watoto hawafiki jioni."

Nikafungua mlango. "Mdogo wangu, basi. Wanakuja."

"Siwezi, kaka. Nimejaribu toka alfajiri."

Nikamfungia, nikasimama mbele ya mlango. Mlinzi wa Utulivu akafika na pikipiki yake, kijana nadhifu mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Nani analia?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Wewe? Wewe uliyewaambia wenzangu kuku wako anataga mayai yaliyochemshwa?"

"Ndiye huyo huyo. Leo nina huzuni."

"Haya, lia nikuone."

Nikakunja uso, nikavuta pumzi, nikamfikiria mpwa wangu nilivyombeba mabegani. Nikafungua koo kwa nguvu zangu zote. Ikatoka sauti ya punda.

Foleni ikacheka. Hawakutaka, niliwaona wanavyoumauma midomo, lakini wamezoea miaka na miaka kunicheka, ikawatoka. Mlinzi naye alicheka hadi akavua kofia.

"Mzee, utaniua," alisema akijipangusa macho. "Haya. Sasa aje mwenyewe."

Hakuna aliyemnyooshea mtu kidole. Hilo nitawatetea nalo popote. Walijisogeza tu, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka kukawa na njia iliyonyooka kutoka kwa mlinzi hadi mlangoni. Mama Pacha alinishika mkono, akanivuta taratibu, nami nikavutika.

Mdogo wangu alitoka mwenyewe. Uso ulikuwa mweupe kwa unga, na machozi yamechimba mifereji miwili. Alipanda pikipiki bila kushikwa.

"Sijamaliza, kaka," alisema.

Hawajapinda kona, bomba likaanza kutiririka. Mama Pacha akakinga ndoo yake, hakuniangalia. Umeme nao ukarudi, na kwa kuwa sikuwa nimezima swichi, mashine ikaanza kunguruma bila kitu ndani.

"Zamu ya nani?" niliuliza.

Mwashi akasema kwao wameshakula. Fundi viatu akasema atapita kesho. Mmoja mmoja wakabeba mifuko yao, wakaondoka wakitazama chini.

Nikaingia, nikafunga mlango. Bakuli lake lilikuwa limepinduka sakafuni, vumbi limejaa hewani. Nikasimama pale aliposimama, katikati ya ngurumo ile, nikafungua mdomo. Uliingia unga tu.