Baba Alikufa kwa Nini

...na bado yu hai, hilo ndilo linalomshangaza Thoya, amekaa juu ya stuli katika kile chumba kidogo cha Sista Awino, feni inamvumia kisogoni, mikono yake miwili hii hapa juu ya magoti, na neno lenyewe limekwisha kusemwa, daktari wa chumba cha pili amelitamka robo saa iliyopita bila kulizunguka, saratani, saratani ya utumbo mpana, halafu palepale, Thoya hajapata hata nafasi ya kuogopa sawasawa, akaongeza kwamba imewahiwa, haijatoboa ukuta wa utumbo, haijasafiri, picha zimeonyesha ini safi na mapafu safi, Jumanne tunakikata kipande hiki, akapima hewani kama shubiri moja, ncha mbili tunaziunga, kidonda kikipona unarudi kazini, na Thoya, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, dereva wa kreni bandarini, baba wa watoto wawili, alicheka, naam, alicheka kwa sauti mbele ya daktari wa watu hadi machozi yakamtoka, maana miezi saba mizima alikuwa akijizika mwenyewe kila akienda chooni, na sasa anaambiwa Jumanne, tena saa mbili asubuhi, aje na kandambili zake... "Na baba?" anauliza Sista Awino, kalamu juu ya fomu, "umeniambia amefariki, alifariki kwa nini?"

Sasa hilo swali, jamani. Yaliyotangulia yalikuwa mepesi, kazi, sigara, pombe, ameyajibu kwa furaha kama mwanafunzi aliyeotea mtihani, hata lile la choo amelijibu, yeye, ambaye hakuweza kulitaja hata kwa Loise mkewe, damu lini, mara ngapi, rangi gani, nyekundu, sista, mara nyingine nyeusi, na choo chenyewe kimekonda kama kalamu yako hiyo, na Sista Awino hakufinya uso wala hakutazama pembeni, aliandika tu, mama wa makamo huyu, Mjaluo aliyekaa kisiwani miaka thelathini hadi salamu zake zimekuwa ndefu kama za watu wa Mji wa Kale, na kila jibu Thoya alilotoa alijihisi anatua mzigo, kumbe ilikuwa rahisi hivi, kumbe mtu unaweza kusema natokwa na damu na dunia isisimame, na yeye siku zote hizo alikuwa wapi... alikuwa juu, kwenye kibanda cha vioo, ndiko alikokuwa, saa nne mfululizo umeinama unatazama kontena chini kati ya miguu yako, choo kiko huko mwisho wa ngazi, kwa hiyo unabana, wote wanabana, na wote wanajua kwamba dereva wa kreni asiye na bawasiri ni yule aliyeajiriwa jana, ndiyo maana Joab, aliyemfundisha kazi, alipomwona anakalia paja moja hakumuuliza kitu, kesho yake alimletea mpira wa ndani wa gurudumu la toroli, umejazwa upepo nusu na kushonewa kitambaa cha maua, haya kijana, kalia hapo katikati, sasa umekuwa dereva kamili, na wenzao wakapiga makofi, na Thoya akaona fahari, hebu fikiria, mtu anatokwa na damu na anaona fahari, miezi saba anakalia mpira na kunywa unga wa mizizi wa Joab kwa maji ya uvuguvugu, mkanda unarudi tundu moja, halafu la pili, na angeendelea vivyo hivyo mpaka kaburini na mpira wake wa maua kama si Loise, aliyemwona anasimama mara tatu kwenye ngazi za nyumba yao pale Tudor, ghorofa ya tatu tu, akaliweka kapu la sokoni chini akamtazama, "Baba Kadzo, bawasiri haimkatizi mtu pumzi kwenye ngazi, kesho unakwenda hospitali, ama nitakuja bandarini nikuite kwa kipaza sauti na ugonjwa wenyewe niutaje," na angekuja, haki ya Mungu angekuja, Loise huyu hatanii, basi akaenda, akanywa yale madawa ya kusafisha tumbo, jagi baada ya jagi, siku nzima hatoki chooni, Loise nje ya mlango anacheka na kulia kwa pamoja, na kesho yake kamera ikaingia huko ambako Thoya alikuwa ameapa hakuna kitakachoingia, na wala haikuuma, alidungwa sindano akalala kama mtoto, miezi saba ya hofu kwa ajili ya usingizi wa nusu saa...

"Uko nami, mwanangu?" anasema Sista Awino, "hatukimbizwi na mtu, nauliza kwa sababu ugonjwa huu mara nyingine hutembea kwenye ukoo, ukimpata kijana kama wewe ni lazima tutazame nyuma," na anaendelea kueleza, wazazi, ndugu wa kuzaliwa, umri waliokuwa nao, Thoya anasikia nusu, nusu nyingine inachukuliwa na feni, maana jibu analo, shida ndiyo hiyo, analo tangu ana miaka kumi na mitatu, kila mtu kwao Kaloleni analo, baba yake, mzee Menza, alilogwa, alilogwa na kaka yake wa tumbo moja, sasa hilo unamwambiaje sista, na yeye ataliandika kwenye kisanduku kipi, kwamba mwezi wa Disemba, kwenye harusi ya shangazi, baba mkubwa Gunga alimpa mdogo wake kata ya pombe ya mnazi kwa mkono wake mwenyewe, na baba akaondoka pale ameshika tumbo, akakonda, tumbo likavimba, na Machi wakamzika, miaka arobaini na mmoja, na mganga aliyeitwa akasema adui ni wa mji huo huo, wa damu yao, hakutaja jina, wala hakuwa na haja, wazee wakamwita Thoya wakamuuliza jambo moja tu, ulimwona baba yako mkubwa akimpa kata, na Thoya akasema ndiyo, maana alimwona, kweli alimwona, hakuongeza wala hakupunguza, ndiyo moja, na wiki ile ile paa la makuti la baba mkubwa likashika moto mchana kweupe na hakuna aliyeleta maji, mwenyewe akaondoka na mkewe na godoro moja juu ya baiskeli, akaja huku kisiwani, akawa fundi wa makochi pale Bondeni, na Thoya naye alipokua akaja kutafuta kazi, na kisiwa chenyewe ni hiki, unakimaliza kwa miguu asubuhi moja, miaka yote hiyo wamekaa humu wawili wasisalimiane, Thoya anaijua hata saa ya kupita Bondeni asimkute, na siku moja alikosea, alipita akamkuta yuko nje ameinamia kiti, amebana misumari midomoni kama wafanyavyo mafundi, mzee akainua uso, akamjua, akaanza kuitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, ili apate kusalimu, na Thoya hakungoja atoe wa mwisho, alivuka barabara... mbona hilo linamuuma leo, siku ile halikumuuma, siku ile alijiona mwana mwema wa baba yake.

"Nikusaidie," anasema sista, "alikonda? Alikuwa na tumbo? Alitokwa na damu kama wewe?" na Thoya yu karibu kusema sijui, sista, nilikuwa mtoto, neno sijui liko kwenye ncha ya ulimi kabisa, na badala yake anaona beseni, beseni la bati nyuma ya jiko kule kwao, na baba amechuchumaa anafua kikoi, baba, mtu ambaye hajapata kuosha hata kijiko, anafua kikoi chake mwenyewe alfajiri, na maji yale mekundu, na yeye Thoya amesimama pale anatafuta kiatu, baba akashtuka, akalifunika beseni kwa mgongo, akasema nimechinja kuku, nenda shule, na Thoya akaenda shule anaruka, siku nzima darasani anamla yule kuku, paja, shingo, mchuzi wa nazi, akarudi mbio, akafunua sufuria akakuta mchicha, lo, alinuna, alinuna mpaka mama akamtishia fimbo, kuku yuko wapi, kuku gani wewe, baba yuko pale kimya kwenye kiti, anatazama chini, amekalia paja moja... amekalia paja moja. Thoya anashika ukingo wa meza ya sista. Ngoja. Ngoja kwanza. Ilikuwa lini, alikuwa anaenda shule, ndiyo, na kiatu kilikuwa kipya, kaptura ilikuwa mpya, ilikuwa siku ya kufungua shule, anaingia darasa la saba, basi ni Januari, na harusi ya shangazi ilikuwa Disemba ya mwaka huo, baada ya kufanya mtihani, Januari imetangulia, miezi kumi na moja imetangulia, mnazi ule ulikuwa bado haujagemwa, mnazi ule ulikuwa bado uko juu ya mti wake, na baba alikuwa tayari anafua damu nyuma ya jiko na kumsingizia kuku! Kuku ambaye hakuwako! Na Thoya alikuwa nayo hiyo, miaka ishirini alikuwa nayo kichwani, ila ameiweka pamoja na mambo ya njaa na kununa, hakuna aliyemuuliza habari za kuku, wazee walimuuliza habari za kata, wangemuuliza jingine angewajibu na hilo, alikuwa mtoto wa kujibu anachoulizwa, na baba mwenyewe hakusema, si kwa mama, si kwa kaka yake, alificha kama mwanawe alivyoficha, akabana, kwao wanaume wote wanabana, na ndugu yake asiyejua kitu akamwona amekaa peke yake harusini akampelekea kinywaji, basi, ndiyo hivyo tu, kaka alimpelekea mdogo wake kinywaji.

Hakumwua. Thoya anasikia kitu kinalegea kifuani, wala si utumbo huu, hiki ni kikubwa kuliko kile kipande cha daktari, baba mkubwa hakumwua baba, hakuna aliyemwua, ulikuwa ugonjwa, ugonjwa wenye jina, wa kupigwa picha na kukatwa kwa kisu Jumanne, na baba hakulogwa, wala yeye hakulogwa, maana hilo nalo lilikuwamo, sema kweli Thoya, kila tone la damu miezi saba hii ulikuwa unajiuliza kama mzee yule wa Bondeni amekufikia na wewe, ndiyo maana ulikuwa huendi hospitali, ulikuwa unaogopa hospitali wasione kitu, na sasa wameona, ahsante Mungu wameona, na machozi yanamtoka kwa mara ya pili leo, ila haya si ya kicheko, anamlilia baba aliyechuchumaa peke yake na beseni lake, anamlilia mzee na misumari yake, mzee ambaye zamani alikuwa akimwita yeye, mtoto wa miaka mitano, baba, shikamoo baba, umeamkaje baba, kwa kuwa Thoya ni jina la babu, na kwao mtu humwita "baba" mtoto aliyerithi jina la babake, akamletea muwa, akampigia magoti kwa mzaha mpaka akina mama wanashika mbavu, hivi mtu anayekupigia magoti namna ile unaweza kumvukia barabara, ameweza, amefanya, na mzee yu hai bado, ndiyo nafuu yenyewe, yu hai, kiwanda chake kiko dakika kumi kwa miguu kutoka hapa, angeweza kuwa amekufa na lile jina lake la mchawi...

"Chukua," Sista Awino anamsogezea kitambaa cha karatasi, hajauliza kitu, na Thoya anajifuta, anasema, "Andika saratani ya utumbo," na sista, "Alipimwa?" na yeye, "Hakupimwa, hakumwambia mtu, lakini alitokwa na damu mwaka mzima na zaidi, mimi niliiona," na sista anaandika taratibu, yaelekea utumbo, umri arobaini na mmoja, "Ndugu wa kuzaliwa unao?" "Dada mmoja, Joy, nitamwambia leo," "Vizuri, tena aje mapema, asingoje dalili, na baba alikuwa na ndugu?" "Kaka mmoja," anasema Thoya, "yu hai," na sista anasema basi huyo naye na wanawe waangaliwe, anageuza ukurasa, feni inainua pembe ya fomu naye anaibana kwa kiganja, "Sasa nipe jina la mtu wa kumpigia Jumanne ukiwa ndani, najua mkeo atakuwepo hapa nje, lakini tunataka na mtu mwingine, mkubwa wa familia," na Thoya anasema bila kupumua, "Gunga Thoya."

"Ni nani kwako?"

"Baba yangu."

Sista Awino anainua macho, anatazama ukurasa wa kwanza, anamtazama yeye, "Mwanangu, si umesema baba amefariki?"

"Ninaye mwingine."

"Haya," anasema sista, wala habishani naye, kalamu iko tayari, "namba yake ya simu?"

"Sina, sista. Acha hapo wazi," na Thoya anasikia jinsi sauti yake ilivyotulia, "nikitoka hapa nakwenda kumwomba."